Hodi ya Pili: Kisa cha Mchoro wa Ukutani katika Shule Moja ya Perth

Kisa hiki kilitokea katika shule ya msingi ya serikali, kwenye kitongoji kimoja cha Perth, Australia Magharibi. Majina yote nimeyaondoa, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha ili asijulikane mtu. Mimi nilikuwa afisa wa kuunganisha shule na familia, na barua ya kwanza iliyokwenda kwa msanii niliiandika mimi. Ilikuwa barua mbovu. Nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani lawama zote zilizomo humu ni za kamati ya wazazi.

Usuli

Shule ilikuwa imejengewa maktaba mpya, na ukuta wake unaotazama uwanja wa michezo, mita 14 kwa 3, ulikaa mweupe mwaka mzima. Mwalimu mkuu akapata fungu dogo la fedha. Kamati ya wazazi ikajazia kwa pesa za soseji za kuchoma, zile zinazouzwa kwenye shule za Australia siku ya uchaguzi huku watu wakiwa kwenye foleni ya kupiga kura. Wazo lilikuwa kumpa oda msanii wa Kiaborijini, yaani wa wenyeji wa asili wa Australia, auchore ukuta huo, aendeshe na warsha za watoto, kisha mchoro uzinduliwe katika Wiki ya Maridhiano kati ya Waaborijini na Waaustralia wengine. Wiki hiyo huanza tarehe 27 Mei, siku ya kura ya maoni ya 1967 kuhusu Waaborijini, na kuisha tarehe 3 Juni, siku ambayo mwaka 1992 Mahakama Kuu ilitoa hukumu ya Mabo na kukiri kwamba ardhi ile ilikuwa na wenyewe kabla Waingereza hawajafika.

Perth imekaa juu ya ardhi ya Whadjuk, mojawapo ya makundi 14 ya Wanoongar, watu wa kona ya kusini magharibi ya bara hilo. Nasisitiza hivyo kwa sababu neno "Waaborijini" huwadanganya wageni. Mwaka 1788 bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Kumwomba Mnoongar achore kama mtu wa jangwa la kati ni sawa na kumwomba Mluo achonge kinyago cha Kimakonde, kwa hoja kwamba wote ni Waafrika.

Wanafunzi wengi wa shule hiyo ni wa familia zilizotoka Kongo na Burundi, baadhi zikipitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma. Kiswahili husikika uwanjani kila siku. Ndiyo sababu niliajiriwa, na ndiyo sababu kisa hiki nakiandika kwa lugha hii.

Barua ya kwanza

Niliomba "mchoro wa nukta nukta, wenye kangaruu na bumerangi, kwa rangi za udongo". Niliyaandika hayo bila wasiwasi wowote, maana ndivyo vitu nilivyoviona kwenye maduka ya uwanja wa ndege siku niliyotua. Msanii alijibu kwa mistari mitatu: nukta si zetu; mkizitaka kaulizeni jangwani; mkitaka za hapa, tukutane kwa chai.

Nukta zina kwao. Mwaka 1971, huko Papunya katika jangwa la kati, kama kilomita 240 kutoka mji wa Alice Springs, wanaume wa pale walichora hadithi ya chungu wa asali, aina ya sisimizi, kwenye ukuta wa shule, wakitiwa moyo na mwalimu aitwaye Geoffrey Bardon. Mwaka uliofuata wakaunda kampuni yao, Papunya Tula, na kutoka hapo mtindo ukazunguka dunia. Hata huko, nukta hazikuwa pambo tu. Wachoraji walizitumia pia kufunika alama ambazo asiyehusika hapaswi kuziona. Kwa hiyo mimi nilikuwa naomba pazia la nyumba ya watu wengine.

Wanoongar wana njia yao. Katika miaka ya 1940, kwenye makazi ya Carrolup, ambako serikali iliwaweka watoto iliowatenga na wazazi wao, watoto hao walichora mandhari ya misitu kwa chaki za rangi: miti myeusi, nyuma yake anga la jioni linalowaka. Michoro mingi ilipelekwa ng'ambo, ikaishia katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, na ilirudi Perth mwaka 2013. Msanii wetu alijifunza kuchora kwa wajomba waliofuata mkondo huo. Tuliifuta barua yangu, tukaandika nyingine ya sentensi moja: tunaomba uje utuambie ukuta huu unaweza kubeba nini.

Chai, Shangazi na mkataba

Kikao cha kwanza hakikuwa na karatasi. Msanii alifuatana na mama mtu mzima ambaye kila mtu pale humwita Shangazi kwa heshima, hata wasio wa ukoo wake. Nami nitamwita hivyo. Msanii alitueleza kwamba mkono ni wake, lakini hadithi si yake peke yake, na pasipo Shangazi hachori.

Hapo ukazuka mjadala wa kwanza. Mhasibu wa shule aliona ajabu mtu kulipwa kwa kunywa chai. Mwalimu mkuu akaamua Shangazi alipwe kwa kila kikao kama anavyolipwa mshauri yeyote, na ankara yake isikae zaidi ya siku saba. Hoja yake ilikuwa nyepesi: tunamlipa mhandisi anayekuja kutazama nyufa za ukuta huohuo, na hatumwoni ajabu. Katika mradi mzima sikuona uamuzi bora kuliko huo, na ulichukua dakika tano.

Kikao cha tatu ndicho kilichozaa picha. Ukuta ungebeba misimu sita ya Kinoongar: Birak, Bunuru, Djeran, Makuru, Djilba na Kambarang, ambayo husomwa kwa upepo, maua na wanyama. Mto Derbarl Yerrigan, ule ambao ramani huuita Swan, ungepita kutoka msimu hadi msimu. Na upande wa Birak, yaani Desemba na Januari, ungesimama mti wa moodjar.

Mti huu unahitaji maelezo, maana kisa chote kinauzunguka. Huchanua kwa rangi ya chungwa kali wakati nchi imekauka, na walowezi wakaupa jina la mti wa Krismasi. Kwa Wanoongar, roho ya aliyefariki hupumzika juu yake ikiwa safarini kwenda ng'ambo ya bahari ya magharibi. Maua yake hayachumwi. Shangazi alikubali uchorwe kwa sharti moja: uwe mti mzima, mizizi hadi ncha, umesimama katika ardhi yake.

Mkataba ulikuwa wa kurasa mbili. Ukuta ni mali ya shule. Hakimiliki inabaki kwa msanii. Shule inaruhusiwa kuweka picha za mchoro kwenye tovuti na jarida lake, pamoja na jina la msanii. Matumizi mengine yoyote yaombwe upya kwa maandishi, kwa msanii na kwa Shangazi. Nusu ya malipo kabla ya rangi kununuliwa, nusu siku ya kumaliza. Mwalimu mkuu alisaini, msanii alisaini, nakala ikaingia kabatini.

Kamati ya wazazi haikusaini. Katika shule za huku kamati hiyo ni chama kilichosajiliwa peke yake, kina akaunti yake na uongozi wake. Ilikuwa imetoa karibu nusu ya pesa, lakini hakuna aliyewapelekea nakala. Sikuliwaza hilo hata kidogo.

Warsha nne

Warsha ya kwanza haikuwa na brashi. Msanii na Shangazi waliwapeleka watoto mtoni. Kila mtoto akachota mchanga, akausugua viganjani, akautupa majini huku akitaja jina lake, ili Waugal, nyoka mkuu aliyeuchimba mto ule, ajue nani amefika. Mvulana mmoja wa Kikongo akaninong'oneza, "Ni kama kupiga hodi?" Nikamtafsiria Shangazi. Alicheka, akataka afundishwe neno lenyewe. Tangu siku hiyo, kila alipofika mlangoni mwa darasa alisema "hodi", na darasa zima likamwitikia "karibu", Wavietinamu na Wazungu wakiwemo.

Ya pili iliharibika. Mwalimu mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa amechapa karatasi za alama alizozipata kwenye intaneti: nyayo za emu, yule ndege mkubwa asiyeruka, umbo la upinde linalomaanisha mtu aliyeketi, duara la kisima, ili watoto wazijaze rangi. Nyingi zilikuwa alama za jangwani. Msanii alizikusanya kimyakimya akaziweka juu ya kabati. Kisha walimu wawili wakatoka kwenda kusahihisha madaftari, wakidhani warsha ni kipindi cha kupumzika, na msanii akabaki peke yake na watoto 58. Siku hiyo hakuna aliyejifunza kitu, na msanii aliondoka bila kuaga. Tulipoomba radhi alitoa masharti mawili: watoto wasizidi 25 kwa mkupuo, na mwalimu abaki ndani, ashike brashi kama wengine.

Kwenye mbili za mwisho, watoto hawakupewa alama ya mtu yeyote waige. Waliulizwa: kwenu ni wapi, na unajuaje kwamba msimu umebadilika? Kazi ikafanywa kwa makaa na rangi za udongo. Mmoja alichora taa za mitumbwi ya dagaa juu ya Ziwa Tanganyika, alizosimuliwa na bibi yake. Yeye mwenyewe hajawahi kuliona ziwa. Mwingine alichora jirani anayezima kiyoyozi. Shangazi aliupenda huo wa kiyoyozi kuliko yote.

Wazazi kadhaa waliuliza kwa nini michoro ya watoto haikuwekwa ukutani, maana walitaka kuona mkono wa mtoto wao. Msanii alikataa, nasi tukamuunga mkono. Michoro ya watoto ilitundikwa ndani ya maktaba, ikiwa kazi yao kwa majina yao, na ukuta ukabaki wa Kinoongar.

Kazi ya ukuta yenyewe sina mengi ya kuisimulia: siku 11 za likizo ya Aprili, rangi ya msingi, akriliki, vanishi ya kuzuia jua. Ulizinduliwa tarehe 27 Mei kukiwa na mvua.

Mifuko

Novemba mwaka huohuo, kamati ya wazazi ilitaka kuchangisha pesa za vivuli vya uwanjani. Mzazi mmoja mwenye kipaji cha usanifu alipiga picha ukuta, akakata kipande alichokiona kizuri kuliko vyote, akakichapa juu ya mifuko 200 ya kitambaa. Kipande hicho kilikuwa kichwa cha moodjar: maua matupu, bila shina, bila mizizi, bila ardhi. Chini yake yaliandikwa maneno ya heri ya Krismasi. Jina la msanii halikuwapo. Mifuko 63 iliuzwa ndani ya siku nne.

Mpwa wa msanii aliuona mmoja kwenye kituo cha maduka, mkononi mwa mtu, umejaa vitunguu.

Msanii alimpigia simu mwalimu mkuu jioni hiyo. Asubuhi mauzo yalisimamishwa. Mpaka hapo tulikwenda vizuri. Kosa likafuata: kabla ya kukutana na yeyote, kamati ilituma barua pepe ya kutoa fedha, ikieleza kwamba iko tayari kulipa ada ya leseni kwa mifuko yote 200 ili iendelee kuuzwa. Waliona wanafanya uungwana. Msanii hakujibu. Shangazi aliposomewa barua ile alisema angekuja mwenyewe.

Kikao kilifanyika maktabani. Mweka hazina alianza kwa kusema kuwa ruhusa ilishatolewa, kwamba ukuta ni wa shule na faida yote ni ya watoto. Hakuwa mtu mkorofi, na aliamini kila neno alilosema. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi na kuomba lile neno langu. Nikalisema. Akaendelea kwa Kiingereza, nami nakumbuka maana yake hivi: mlipiga hodi mlangoni, tukawakaribisha sebuleni. Chumbani nani aliwaita?

Baada ya hapo hakuna aliyetaja fedha kwa muda mrefu.

Matokeo

Kamati iliandikia familia zote barua ya kueleza kosa na kuomba mifuko irudishwe. Mifuko 22 ilirudi. Kwa ile iliyouzwa, msanii alilipwa ada aliyoitaja mwenyewe, na akaigawa na Shangazi. Iliyobaki pamoja na iliyorudi, jumla 159, Shangazi aliomba apelekewe. Niliipakia kwenye gari langu. Alifungua boksi moja, akautazama mfuko wa juu, akalifunga. Sikumuuliza angeifanya nini.

Msanii bado huja kuukagua ukuta kila mwaka, na warsha anaendesha, kwa vikundi vya watoto 25. Shangazi hajarudi shuleni. Hakusema kwamba amekasirika. Kila tukimwalika huwa ana shughuli.

Uchambuzi

Watu wengi niliowasimulia kisa hiki husema: basi tatizo ni hakimiliki. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kwa sheria ya Australia, kununua mchoro hakukupi haki ya kuunakili, na ule mwanya unaoruhusu kuchapa picha za sanamu zilizosimama hadharani hauigusi michoro ya ukutani. Kwa hiyo hata mfuko wa kwanza ulikuwa tayari ni kosa. Lakini hebu tufikiri msanii angekuwa na shida ya fedha, akakubali leseni ile. Sheria ingeridhika. Shangazi je?

Mahakama za kule zimelikaribia swali hili angalau mara mbili. Mwaka 1994 zilisikiliza kesi ya mazulia yaliyofumwa Vietnam na kuingizwa na kampuni moja ya Perth yakiwa na michoro ya wasanii wa Kiaborijini, mingine yenye maana takatifu. Sehemu ya michoro hiyo ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye picha zilizochapishwa kwa madhumuni ya elimu, na mazulia yalibeba kitambulisho kinachodai wasanii wamelipwa. Fidia ilikuwa dola 188,640. Niliposoma habari hiyo baadaye, niliona kisa chetu kizima: kitu kilichotolewa kwa ajili ya kufundisha kimegeuka kitu cha kukanyagwa, au cha kubebea vitunguu. Kisha mwaka 1998, katika kesi ya msanii John Bulun Bulun wa Waganalbingu, jaji alisema msanii ana wajibu kwa ukoo wake kuhusu namna mchoro unavyotumika, ingawa ukoo wenyewe hauna hakimiliki. Sheria huuliza nani alichora. Shangazi alikuwa anauliza inamhusu nani. Hakimiliki, tena, hufa miaka 70 baada ya msanii kufariki, na moodjar utakuwa bado unachanua.

Mkataba wetu ulilijua hilo, ndiyo maana ulitaka ruhusa ya watu wawili. Uliposhindwa ni pale ulipofungiwa kabatini. Tuliwaona wazazi kama watoa pesa tu, tukawanyima hadithi waliyoilipia, kisha tukashangaa walipoichukulia kama picha. Watoto waliijua. Baada ya vurugu kuisha, mama mmoja Mrundi aliniambia kwamba binti yake, aliyeshiriki warsha, alikataa kuubeba ule mfuko tangu siku ya kwanza, akimwambia mama yake kwamba mti ule haukatwi. Mama alidhani ni utundu. Warsha zilifaulu kuliko tulivyojua, ila zilifaulu kwa watu ambao hakuna aliyewauliza.

Neno "ruhusa" nalo lilituponza. Kwenye faili za shule ruhusa ni fomu: ikisainiwa imekwisha. Kwa Shangazi ruhusa ilikuwa kwa ajili ya mti mzima, mahali pale, kwa watoto wale. Kubadilisha kimojawapo ni kuanza safari upya. Sisi tuliolelewa na hodi tulipaswa kulielewa hili mapema kuliko wengine. Mimi nililitafsiri neno, nikalifurahia, na sikulitumia.

Kuhusu barua pepe ya fedha, najua wapo wanaoona ilikuwa hatua ya busara. Siwaungi mkono. Tume ya serikali iliyochunguza soko la sanaa hii iliripoti mwaka 2022 kwamba zaidi ya nusu ya fedha zinazotumika kununua zawadi za kitalii za mtindo wa Kiaborijini huenda kwa bidhaa zisizo za wenyewe. Mwaka 2019 kampuni moja ilitozwa faini ya dola milioni 2.3 kwa kuuza vitu vilivyotengenezwa Indonesia kana kwamba vimechorwa na Waaborijini. Mtu aliyeishi katikati ya hayo, ukimfuata na pesa kabla ya salamu, anakuona mmoja wa walewale. Ada ililipwa hatimaye, na haikuwa na ubishi, kwa sababu safari hii aliitaja yeye.

Siku hizi shule ikiagiza kazi kama hii, kiongozi wa kamati ya wazazi husaini pia, na huketi kwenye kikao kimoja cha chai kabla ya kusaini. Karibu na ukuta pamewekwa bamba lenye jina la msanii, jina la ardhi, na sentensi moja kuhusu moodjar, kwa maneno aliyoyakubali Shangazi kwa simu.

Mifuko 41 haikurudi. Mwezi uliopita niliuona mmoja kwenye treni, umefifia kwa kufuliwa, maua yamekuwa ya njano. Aliyeushika alikuwa mama mzee ambaye sijawahi kumwona shuleni. Nilishuka kituo kilichofuata, ingawa hakikuwa changu.